Makala Iliyo Mitamboni na Haki ya Msomaji

Katika orodha ya marejeo inayofunga makala za kitaaluma, au tasnifu ambayo mwanafunzi wetu ameipeleka mbele ya watahini wake, aghalabu hukutwa jina la mwandishi, anwani ya makala na jina la jarida, kisha mahali palipostahili kukaa mwaka, juzuu na kurasa pamekaa neno moja tu: mitamboni. Maana yake ni kwamba makala hiyo imekwisha pimwa na wajuzi, mhariri ameikubali, na sasa inangoja zamu yake ya kutoka. Walakini siku ile msomaji anapoisoma rejea hiyo, makala yenyewe huenda haipo katika rafu ya maktaba yoyote duniani. Ni desturi ya zamani, inatumika katika kila fani, na wengi huipita pasipo kuitupia jicho. Mimi naiona inastahili kutazamwa hadharani, katika gazeti linalosomwa na watu wote, si katika vikao vya maprofesa peke yao, kwa sababu hoja zinazojengwa juu ya rejea za namna hii hazibaki vyuoni: hutoka zikawa mitaala ya shule, miongozo ya tiba, ushauri wa kilimo na sera za serikali, na mtu wa kawaida akaishi chini ya hukumu yake bila ya kujua kwamba ushahidi uliotumika haukupata kuonekana na yeyote ila wachache.

Rai yangu nitaitanguliza, ili msomaji asibabaike katika kunifuata. Kuirejelea makala iliyokubaliwa lakini haijachapishwa ni halali, na mara nyingine ni wajibu, kwa kuwa fadhila ya uvumbuzi ni ya mvumbuzi tangu siku alipovumbua, si tangu siku mtambo wa chapa ulipopata nafasi. Lakini rejea ni amana. Mwandishi anaposema kwamba fulani amelithibitisha jambo hili, anamwambia msomaji: nenda ukatazame, utalikuta kama nilivyokueleza. Ikiwa msomaji hawezi kwenda, jukumu la kuifungua njia humwangukia yule aliyerejelea, naye hawezi kulitua jukumu hilo kwa neno moja lililobandikwa mwishoni mwa mstari.

Kwanza tuwatendee insafu waandishi. Safari ya makala kutoka mezani kwa mtafiti hadi mikononi mwa umma ni ndefu kuliko wanavyodhani walio nje ya kazi hii. Mswada hupokewa na mhariri, hutumwa kwa wajuzi wawili au watatu ambao kwa kawaida hawalipwi chochote na ambao majina yao hufichwa, hurudi na maswali na masahihisho, huandikwa upya, huenda tena kwa wajuzi walewale, na hatimaye, ikijaaliwa, mwandishi hupata barua ya kukubaliwa. Hapo kazi haijaisha: mhariri wa lugha hupitia, mpanga kurasa hupanga, prufu hupelekwa kwa mwandishi azisome, kisha makala hukaa foleni mpaka toleo litimie. Bo-Christer Björk na David Solomon, waliolichunguza suala hili katika makala yao ya mwaka 2013, walikuta kwamba tangu kupelekwa mswada hadi kuchapishwa, fani ya kemia ilichukua wastani wa miezi 9 hivi, na fani za biashara na uchumi zikachukua takriban miezi 18. Na katika hesabu hiyo yamo majarida yenye watumishi wa kudumu na fedha za uhakika. Majarida yetu ya lugha na fasihi, ambayo mengi hutoka mara moja au mbili kwa mwaka, nayo huendeshwa na wahadhiri wanaofundisha mchana na kuhariri usiku, hayana raha hiyo. Na mwandishi aliyekubaliwa leo hana budi kuwa na subira ya mkulima wa mnazi.

Mtu afanye nini katika muda huo? Mtafiti kijana aliyemaliza sehemu ya kwanza ya uchunguzi wake, ikakubaliwa na jarida, naye sasa anaandika sehemu ya pili inayosimama juu ya ile ya kwanza, hawezi kuagizwa aketi mwaka mzima akingoja. Wala haifai ajifanye kwamba sehemu ya kwanza haipo, akairudia yote katika makala mpya, kwani hapo atakuwa amechapisha jambo moja mara mbili. Kadhalika, akiwa ameusoma mswada wa mwenzake, akafaidika nao, kisha akanyamaza kwa kisingizio kwamba haujachapishwa, amemdhulumu mwenzake haki yake. Ndiyo maana wahariri wa majarida ya tiba, waliokutana Vancouver nchini Kanada mwaka 1978 na ambao kamati yao ndiyo iliyozaa kanuni zinazofuatwa hadi leo na majarida mengi duniani, hawakuikataza desturi hii. Waliiruhusu, kisha wakaifunga kwa masharti: makala iliyokubaliwa itajwe wazi kuwa haijatoka, anayeirejelea apate idhini kwa maandishi, na athibitishe kwamba kweli imekubaliwa, na mswada uliotumwa tu, ambao bado haujajibiwa, usipewe heshima ya jina la jarida, bali utajwe kuwa ni maelezo yasiyochapishwa, na hayo pia kwa ruhusa ya mwenyewe.

Masharti hayo ni mema, na lau yangeshikwa na wote nisingekuwa na neno. Lakini hata yakishikwa kikamilifu, bado kuna mambo mawili ambayo hayawezi kuyazuia peke yake: makala iliyotajwa kuwa iko njiani huweza isifike, na huweza kufika ikiwa imegeuka sura. Yote mawili yamepata kutokea, tena si katika pembe zisizojulikana za elimu, bali katika vilele vyake.

Tarehe 25 Aprili 1953 jarida la Nature lilitoa makala fupi, iliyozidi ukurasa mmoja kwa kidogo tu, ambamo James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe. Kabla ya kuweka umbo lao wenyewe walitaja maumbo mawili yaliyotangulia kupendekezwa. La kwanza lilikuwa la Linus Pauling na Robert Corey wa California. Hawa walikuwa wamewapa Watson na Crick mswada wao kabla haujatoka, na kufikia Aprili ulikuwa umekwisha chapishwa, kwa hiyo msomaji aliyetaka kuhakikisha kama wamehukumiwa kwa haki aliweza kufungua jarida lao akapima mwenyewe. La pili lilikuwa la mtafiti aliyeitwa Bruce Fraser, aliyekuwa amefanya kazi katika chuo cha King's, London, na ambaye wakati huo alikuwa amehamia Australia. Makala yake ilitajwa kwamba iko mitamboni. Watson na Crick waliyaeleza mapendekezo yake kwa sentensi mbili, kwamba ni nyuzi tatu, fosfati zikiwa nje na besi zikiwa ndani zikishikamana kwa viungo vya haidrojeni. Kisha wakasema kwamba umbo hilo halikuelezwa kwa ukamilifu, na kwa ajili hiyo hawatalijadili.

Makala ya Fraser haikutoka mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Ilionekana kwa chapa mwaka 2004, katika Journal of Structural Biology, miaka 51 baada ya kutajwa kuwa iko mitamboni. Katika muda huo wote, makala ya Watson na Crick ilisomwa ulimwenguni kote na kufundishwa katika kila chuo, na kila aliyeisoma alikutana na hukumu iliyotolewa juu ya mtu ambaye ushahidi wake haukuwapo mahali popote ambapo msomaji angeweza kuufuata. Tazama pia uzito wa jambo lenyewe: Fraser alikosea idadi ya nyuzi, lakini alikuwa ameziweka fosfati nje na besi ndani, na katika hilo alikuwa karibu zaidi na kweli kuliko Pauling, bingwa mkubwa wa kemia wa zama zake, aliyeziweka fosfati katikati. Sisemi kwamba Watson na Crick walikuwa na nia mbaya. Walimtaja, na hiyo ilikuwa adabu njema kuliko kunyamaza. Nasema kwamba kutajwa huko kulimweka Fraser barazani pa hukumu bila ya kumpa ulimi, na wasomaji wa nusu karne wakalazimika kupokea kauli ya upande mmoja. Yote hayo yasingetokea kama mswada wake ungewekwa mahali, japo katika maktaba moja, ukapatikana kwa mwenye kuutaka.

Kisa cha pili kinamhusu Albert Einstein, nacho chatisha zaidi, kwa kuwa humo makala ilikubaliwa na jarida ikiwa na hukumu moja, ikachapishwa na jarida hilohilo ikiwa na hukumu iliyo kinyume chake. Mwaka 1936, akiwa Princeton, Einstein na mwenziwe Nathan Rosen waliandika makala iliyouliza kama mawimbi ya mvutano yapo, mawimbi ambayo Einstein mwenyewe alikuwa ameyatabiri miaka 20 hivi kabla yake, na jibu lao likawa kwamba hayapo. Waliipeleka kwa jarida la Physical Review. Mhariri wake, John Tate, aliipeleka kwa mjuzi mmoja, naye akairudisha na kurasa kumi za hoja. Einstein alighadhibika, akajibu kwamba aliipeleka ichapwe, hakumruhusu mtu yeyote kuwaonyesha wengine kabla ya kuchapwa, akaiondoa, na tangu siku ile hakulipelekea tena jarida hilo makala ya utafiti. Aliipeleka kwa jarida la Taasisi ya Franklin ya Philadelphia, na huko ikakubaliwa kama ilivyokuwa.

Sasa msomaji na asimame hapa kidogo. Kuanzia siku hiyo ya kukubaliwa, kwa kanuni zote nilizozitaja, mtu yeyote aliyekuwa na mswada ule mkononi na idhini ya mwenyewe angeweza kuandika katika makala yake, kwa dhamiri safi, kwamba Einstein na Rosen wamethibitisha kwamba mawimbi ya mvutano hayapo, na mwisho wa mstari akaweka neno mitamboni. Angekuwa mkweli katika kila herufi. Lakini katika miezi hiyohiyo, Howard Percy Robertson, ambaye ndiye aliyekuwa yule mjuzi aliyefichwa jina, alirejea Princeton akazungumza na Leopold Infeld, msaidizi wa Einstein, akamwonyesha mahali penye kosa. Infeld alimfikishia Einstein, ambaye alikuwa amekwisha anza kuitilia shaka burhani yake mwenyewe. Na makala ikiwa tayari katika hatua ya prufu, ikaandikwa upya. Ilipotoka mwanzoni mwa mwaka 1937 ilikuwa na anwani nyingine na hitimisho jingine: mawimbi yanawezekana. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO nchini Marekani iliyanasa mawimbi hayo kwa mara ya kwanza. Na yule aliyerejelea mswada wa kwanza, kama alikuwako, angebaki katika vitabu akiwa shahidi wa neno ambalo msemaji wake alikwisha lifuta.

Kisa hiki ndicho kinachonishawishi kwamba haitoshi kuandika kuwa makala imekubaliwa. Kukubaliwa ni hatua ya katikati, na baina yake na kuchapishwa kuna prufu, na katika prufu mwandishi mwaminifu huweza kuona alichokuwa hakukiona. Kwa hiyo anayerejelea analazimika kutaja ni nakala ipi aliyoisoma, ya tarehe gani, na kabla makala yake mwenyewe haijatoka, anapoletewa prufu zake, amwandikie yule aliyemrejelea na kumuuliza kama neno lake bado liko palepale. Ni barua ya mistari mitatu. Sijui kazi ndogo kuliko hiyo yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Kuna jambo la tatu, nalo halikuwako siku za Einstein. Barua ya kukubaliwa, ambayo zamani ilikuwa ithibati kwamba wajuzi wameupima mswada, siku hizi huweza kununuliwa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon, akiliandikia jarida la Science, alitunga makala bandia kuhusu dawa ya saratani itokanayo na kuvu-mwani, yenye makosa ambayo mjuzi yeyote angeyaona mara moja, akaipeleka kwa majarida 304 yanayowatoza waandishi fedha na kusomwa bure mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Lililo zito kwetu ni kwamba majina ya waandishi aliyoyabuni, pamoja na vyuo walivyodaiwa kutoka, aliyavika sura ya Kiafrika, moja likiwa la taasisi ya tiba isiyokuwako mjini Asmara. Na biashara hii imewalenga watafiti wa nchi zetu, wanaosukumwa na masharti ya vyeo na ambao wengi hawana mlango mwingine. Barua 157 za kukubaliwa, za makala ambayo hakuna hata neno moja lake lililokuwa kweli! Mtu akiirejelea makala ya namna hiyo kabla haijatoka, msomaji ana nini mkononi? Ana jina la jarida lisilopima, na ahadi ya makala asiyoweza kuipima yeye.

Huenda mtu akasema: hata iliyochapishwa huweza kuwa batili, kwa nini basi tuihangaikie iliyo njiani? Ni kweli huweza kuwa batili, na mfano wake ni wa juzi tu. Tarehe 22 Mei 2020, katika miezi ya kwanza ya janga la korona, jarida la Lancet lilichapisha makala juu ya dawa ya haidroksiklorokwini, ikidai kusimama juu ya rekodi za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Lakini makala ilikuwa hadharani, kila mwenye macho aliweza kuisoma, na watafiti wa nchi mbalimbali wakaanza kuuliza: rekodi hizi zimetoka wapi, na hospitali gani za Afrika zilizokuwa na kumbukumbu za kompyuta zenye ufafanuzi mwingi namna ile kwa wagonjwa wengi namna ile? Kampuni iliyodai kuwa na takwimu ilishindwa kuzitoa zikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikafutwa. Iliishi siku 13. Kilichoiangusha ni kule kuonekana kwake, maana waliogundua dosari hawakuwa wale wajuzi wachache walioipitisha, walikuwa wasomaji. Makala inayorejelewa ikiwa bado imefichika huishi nje ya ulinzi huo, na hukumu yake hupita kutoka rejea hadi rejea pasipo mtu wa kuisimamisha mlangoni.

Adabu ninayoidai si ngeni kwetu, wala hatuhitaji kuletewa kutoka Vancouver. Watu wa pwani hii, ambao kwa karne nyingi wamesoma Hadithi katika misikiti na madarasa ya Lamu, Mombasa na Unguja, wamelelewa katika ilimu ambayo haikubali neno pasipo isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, kila mmoja akitajwa kwa jina na kupimwa kwa uadilifu na kumbukumbu yake. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anasifika kwa kushurutisha kwamba haimtoshi mpokezi kuwa aliishi zama moja na yule anayempokea. Sharti ithibiti kwamba walikutana. Sharti hilo ndilo ninalolitaka kwa mwandishi wa leo, bila kulipunguza: anayeirejelea makala awe amekutana nayo. Awe ameisoma yote, kwa nakala iliyo mkononi mwake, si kwa kusimuliwa mkutanoni wala kwa kusoma ikisiri peke yake.

Na hapa inanipasa kusema kitu juu ya vyuo vyetu. Vingi vinamtaka mtahiniwa wa shahada ya uzamivu aonyeshe, kabla ya kuhitimu, makala iliyochapishwa au barua ya kukubaliwa, na barua hizo huambatishwa mwishoni mwa tasnifu, zikiwa na nembo ya jarida, tarehe, namba ya mswada na saini ya mhariri. Jambo hilo lina faida yake. Limewafundisha vijana kuandika mapema. Lakini limezaa pia tabia ya kuiona barua kuwa ndiyo kazi, na makala kuwa nyongeza yake. Katika tasnifu moja niliyopata kuipitia, sura nzima ya nadharia ilisimama juu ya makala ya msimamizi wa mwanafunzi yule, iliyoandikwa kuwa iko mitamboni. Nilipomwomba mtahiniwa anionyeshe nakala, alisema kwa unyenyekevu kwamba hajapata kuiona, ila alielezwa yaliyomo, naye hakuthubutu kumwomba mwalimu wake. Sikumlaumu kijana. Heshima kwa mwalimu ni tunu ya malezi yetu, na mwanafunzi wetu hawezi kumwendea msimamizi wake akamwambia: lete ushahidi. Ndiyo sababu wajibu huu lazima uwe wa mwalimu mwenyewe, aitoe makala yake kabla hajaombwa, na idara iwe na kanuni inayomvua mwanafunzi aibu ya kuomba.

Wako pia wanaoandika mitamboni kwa mswada ambao wameutuma tu na haujajibiwa, au kwa makala ambayo bado inakaa kichwani mwao. Kuhusu hao sina maelezo marefu: huo ni uwongo, na taasisi iuite hivyo.

Dawa ya haya yote haina gharama kubwa, kwani njia zimekwisha funguliwa. Wachapishaji wengi wakubwa siku hizi huiweka makala mtandaoni mara inapokubaliwa au mara prufu zinapokamilika, wakaipa kitambulisho cha kudumu cha DOI, mfumo ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka 2000 hivi, na kitambulisho hicho huendelea kuifuata makala hata itakapopewa juzuu na kurasa. Kwa makala za namna hiyo shida imepungua sana. Tena wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuiweka nakala yake iliyokubaliwa, isiyopambwa na jarida, katika hazina ya kidijitali ya chuo chake, wengine mara moja na wengine baada ya muda waliouweka. Vyuo vyetu vikuu vingi vinazo hazina hizo; tatizo ni kwamba humo hujazwa tasnifu, na makala za walimu hazionekani kwa wingi unaostahili. Mkutubi mmoja aliyepewa amri na mkuu wa idara angeweza kuligeuza hilo katika muhula mmoja.

Majarida ya Kiswahili, nayasihi kwa namna ya pekee. Jarida la Kiswahili linalotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina nasaba inayofika mwaka 1930, katika jarida la Kamati ya Lugha iliyoundwa na nchi za Afrika Mashariki, na fahari ya nasaba hiyo ni kwamba mtu wa leo anayebishana juu ya istilahi au tahajia anaweza kurudi akasoma walichoandika wale wa zamani, maneno yao wenyewe, pale walipoyaweka. Msomaji wa mwaka 2100 anastahili kuachiwa urithi huohuo kutoka kwetu. Hatauona ikiwa marejeo yetu yamejaa makala zilizoahidiwa na hazikutoka, au zilizotoka kwa anwani nyingine katika jarida jingine, na hakuna aliyerudi kusahihisha.

Basi ombi langu kwa wahariri wa majarida ya Afrika Mashariki, na kwa watahini wa vyuo vyetu, ni moja, nalo laweza kuanza na toleo lijalo na mtihani ujao: rejea ya makala isiyochapishwa isipokelewe mpaka mwandishi alete nakala aliyoisoma, tarehe ya kukubaliwa kwake, na mahali ambapo msomaji anaweza kuipata; na ikifika siku ya prufu bado hana vitu hivyo, aombwe aiondoe rejea hiyo pamoja na hoja aliyoijenga juu yake.